Rock ya Zamani Kwenye Baa Ndogo: Anzeni na Dramu

Bendi yetu ina watu wanne, nasi hupiga rock ya miaka ya 1970 kwenye baa ndogo za Arusha. Ni kopi tupu, yaani nyimbo za wanamuziki wengine. Mimi napiga besi. Kama mnajiandaa kwa usiku wenu wa kwanza, nawasihi msianze kuhangaika na magitaa.

Usiku wetu wa kwanza, tulipofika wimbo wa tatu meza za mbele zilikuwa tupu. Watu walikuwa wamehamia nje, wanatutazama dirishani. Muziki waliupenda, ila masikio yaliwauma. Mpiga dramu alikuwa anatwanga kama yuko uwanja wa mpira, mpiga gitaa akapandisha sauti ili ajisikie, nami nikapandisha ili nisimezwe. Mwimbaji akawa anapiga mayowe mpaka koo likamkauka, na fundi mitambo alipompandishia maiki, spika zikapiga mluzi.

Dramu hazina kitufe cha kupunguza sauti, kwa hiyo wengine wote hulazimika kuzifuata. Siku hizi tunatandika khanga iliyokunjwa juu ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Wala msione aibu: Ringo Starr wa Beatles naye aliwahi kufunika ngoma zake kwa taulo za jikoni wakati wa kurekodi. Amplifaya ya besi tuliiondoa konani, maana pale mngurumo hujikusanya na kufunika kila kitu. Tangu hapo maneno ya nyimbo yanasikika, na watu huimba nasi viitikio.

Mkipima sauti saa kumi jioni, kumbukeni kwamba ukumbi bado mtupu. Saa tatu usiku watu wakishajaa, miili yao hunyonya sauti, hasa zile za juu, na yote mliyopanga hubadilika. Muwekeni mtu mmoja mnayemwamini pale kaunta, awape ishara. Na kama mwimbaji anazifikia noti za juu kwa taabu, legezeni nyuzi za magitaa zishuke nusu toni. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alifanya hivyo mara nyingi.

Kuhusu nyimbo, nitasema moja tu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, kwa hiyo lazima mtaombwa Queen, na mtatamani kupiga ule wimbo wao wa 1975 wenye "Bismillah", "Bohemian Rhapsody". Uacheni. Sehemu yake ya katikati ni sauti zilizorekodiwa tabaka juu ya tabaka, na hata Queen wenyewe wakifika hapo kwenye maonyesho walikuwa wanatoka jukwaani, kanda inaendelea. Pigeni ule wa 1977, "We Will Rock You", wa kukanyaga mara mbili na kupiga kofi moja. Sisi tunauweka mwisho. Mpiga dramu anaweka fimbo chini, anasimama, na baa nzima inampigia.