Picha za duka la mtandaoni: jua kwanza zitakaa wapi

Anayeanza kujitengenezea picha za duka lake la mtandaoni mara nyingi hukimbilia vichujio, fremu na vibandiko. Hayo yanaweza kusubiri. Kabla hujafungua programu yoyote, jiulize: picha hii itakaa wapi, na hapo mahali pana upana wa pikseli ngapi, yaani nukta ndogo za rangi zinazounda picha? Ukiwa na jibu, utajua ukate vipi, uipunguze kiasi gani na uihifadhi katika muundo upi.

Chukua picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000. Hizo ni pikseli milioni 12, na faili lake huwa la megabaiti kadhaa. Sasa tuseme ukurasa wa bidhaa unaionyesha kwa upana wa 600. Skrini nyingi za siku hizi hubana pikseli mbili au zaidi mahali ambapo za zamani ziliweka moja, kwa hiyo zidisha mara mbili: 1200. Picha ya 1200 kwa 900 ina pikseli milioni 1.08, yaani kama sehemu moja ya kumi na moja ya ile ya mwanzo, na mteja haoni tofauti yoyote isipokuwa ukurasa unafunguka upesi. Ukurasa wenye picha 20 za megabaiti 4 kila moja unakula megabaiti 80 za bando la mtu ambaye bado hata hajaamua kununua.

Kama duka lako linamruhusu mteja kukuza picha, panda hadi 1600 au 2000 upande mrefu. Kama unauza ndani ya soko la mtu mwingine, soma masharti yake kabla ya kupiga picha. Amazon, kwa mfano, hutaka picha kuu iwe na mandharinyuma meupe kabisa, yaani 255, namba ya juu kabisa, kwa rangi zote tatu (nyekundu, kijani na bluu), na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu. Bidhaa iliyopigwa kwa mbali itabidi ikatwe sana mpaka ijaze fremu, na hapo utajikuta umebakiwa na pikseli chache mno.

Kuhusu ule ushauri kwamba picha ya tovuti lazima iwe “dpi 72”, usijisumbue nao. Namba hiyo humwambia printa atandaze pikseli ngapi katika inchi moja ya karatasi. Kivinjari hakiiangalii. Picha ya 1200 kwa 900 yenye dpi 72 na ile yenye dpi 300 zinaonekana sawasawa kwenye skrini.

Kwa upande wa programu, za bure zinatosha. GIMP inafanya karibu kila kitu utakachohitaji kwenye kompyuta. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari na inafungua mafaili ya PSD, yaani ya Photoshop. Snapseed ni nzuri kwa anayefanya kila kitu kwenye simu, Canva inafaa kwa matangazo yenye maandishi, na Squoosh ni ya kubana faili mwishoni. Chagua moja kubwa na uizoee. Kurukaruka kati ya nne kunachelewesha kuliko ugumu wa programu yenyewe.

Utaratibu wa kazi ni huu: weka nakala ya picha halisi kwenye folda usiyoigusa, kisha kata kingo, rekebisha mwanga na rangi, safisha madoa, punguza ukubwa, noa (yaani zipe kingo ukali), na mwisho toa faili la tovuti. Kunoa kunakuja baada ya kupunguza kwa sababu kupunguza ndiko kunakolainisha kingo. Ukinoa mapema, kazi hiyo inapotea, na chengachenga ulizozitia nguvu zinabaki. Kwenye GIMP, baada ya Scale Image, kunoa kwa kipenyo cha 0.5 hadi 1 kunatosha. Ukiona mstari mweupe umezunguka bidhaa, umezidisha.

Rangi ndiyo inayoleta malalamiko mengi: mteja aliona kitambaa cha bluu, akaletewa cha kijani. Chanzo mara nyingi ni mwanga uliochanganyika, dirisha upande mmoja na taa ya njano upande mwingine. Hakuna programu itakayonyoosha hilo vizuri, kwa sababu kila upande wa bidhaa unahitaji sahihisho lake. Zima taa, tumia mwanga wa dirisha peke yake, na upande wa kivuli simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Katika picha ya kwanza ya kila mpangilio, weka kadi ya kijivu kando ya bidhaa. Ukikosa, karatasi nyeupe isiyong'aa itakusaidia.

Ukifika kwenye GIMP, fungua Levels katika menyu ya Colors. Utaona vialama vitatu vya kudondolea rangi: cheusi, cha kijivu na cheupe. Chukua cha katikati, bofya juu ya ile kadi, na unjano au ubluu utaondoka kwenye picha nzima. Kwa Snapseed, kifaa cha White Balance kina kidondoo kama hicho. Jambo moja huharibu zoezi hili: ukiwa umetumia karatasi nyeupe na mwanga ukaizidi mpaka pikseli zake zote zikafika 255, hapo hakuna rangi iliyobaki ya kupimia, na kidondoo hakitabadilisha kitu. Punguza mwanga kwenye simu na upige tena. Ukilinganisha rangi na bidhaa halisi, bidhaa iwe mbele ya macho yako kwenye mwanga wa mchana, na skrini yako isiwe katika hali ya usiku inayotia unjano.

Ndani ya Levels hiyohiyo, kitelezi cha kulia kinasogezwa kushoto hadi kikaribie mahali mlima wa mchoro wa mwanga (histogram) unapoanzia. Mandharinyuma yakifika 245 hadi 250 macho yanayaona meupe. Ukisukuma zaidi, shati jeupe linapoteza mikunjo na mishono na kubaki umbo tupu. Soko likidai 255 kamili, usiipate kwa kusukuma picha nzima. Tenga bidhaa na mandharinyuma yake, kisha weka leya (tabaka la picha) nyeupe chini yake.

Kutenga bidhaa siku hizi kunafanywa na programu kwa kubofya mara moja, na matokeo yanaonekana safi mpaka uyaweke juu ya rangi nyingine. Kwa hiyo jaribu hivi: chini ya bidhaa iliyokatwa weka leya nyeusi, halafu nyekundu. Hapo utaona utando mwembamba wa rangi ya ukuta wa zamani kwenye kingo, mpini wa kikombe ambao uwazi wake haukukatwa, na nyuzi za kitambaa zilizomezwa. Dawa ya utando ni kuingiza uteuzi ndani kwa pikseli moja au mbili, kisha kulainisha ukingo kwa pikseli 0.5 hadi 1. Tumia maski ya leya badala ya kifutio: kwenye maski, rangi nyeusi huficha na nyeupe hurudisha, kwa hiyo ukikosea hakuna kilichopotea. Halafu rudisha kivuli. Bidhaa isiyo na kivuli huonekana inaelea, na mteja huhisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Kivuli laini kilichopigwa pamoja na bidhaa ni bora kuliko cha kuchora.

Muundo wa faili unategemea kilichomo. Picha ya kamera: JPEG au WebP. Nembo na michoro ya mistari: SVG, ambayo haichakai hata ikikuzwa kiasi gani. Picha ya skrini, mchoro wenye maandishi, au kitu kinachohitaji mandharinyuma yenye uwazi: PNG. Kuhifadhi picha ya kamera kama PNG ni kosa la kawaida, maana PNG haitupi taarifa yoyote, na faili linaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko JPEG bila faida inayoonekana. WebP ilitolewa na Google mwaka 2010, na kwa vipimo vyao wenyewe hupunguza ukubwa kwa asilimia 25 hadi 34 ikilinganishwa na JPEG ya ubora uleule. Vivinjari vya sasa vyote vikubwa vinaifungua. Picha za iPhone zinaweza kuwa za HEIC. Zigeuze kuwa JPEG kabla ya kuzipakia, kwani vivinjari vingi havizionyeshi.

JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya taarifa ndani ya kila mraba. Ndiyo maana ubora ukishushwa sana unaona vigae angani na ukungu kuzunguka herufi. Ubora wa 75 hadi 85 unatosha kwa picha za bidhaa. Kila ukiifungua JPEG, ukaibadili na kuihifadhi tena, inatupa tena, kwa hiyo kazi inayoendelea ihifadhi katika XCF ya GIMP au PSD, na JPEG itoke mwisho kabisa.

Kuna tatizo moja linalowachanganya wengi: maandishi mekundu kwenye tangazo yanaonekana yamechafuka, ilhali meusi ni safi. JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa pikseli chache kuliko mwangaza, na nyekundu ndiyo inayoumia zaidi. Kuongeza ubora peke yake huenda kusisaidie. Unapotoa faili kwenye GIMP, fungua chaguo za ziada na uweke subsampling iwe 4:4:4, au tumia PNG. WebP ya kawaida ina tabia hiyohiyo.

Na tukiwa kwenye maandishi: tangazo la upana wa 1080 likionyeshwa kwenye simu yenye upana wa 360 linapungua mara tatu. Herufi za ukubwa wa 30 zinabaki kama 10, na hakuna atakayehangaika kuzisoma. Usishuke chini ya 45. Rangi nazo zipimwe: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka uwiano wa utofautishaji kati ya herufi na rangi ya nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Kijivu cha #777777 juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wanakipenda, kinapata 4.48. Kinakosa kidogo tu, lakini kinakosa. Bei na maelezo marefu yaandike kwenye ukurasa wenyewe. Yakiwa ndani ya picha, bei ikibadilika utarudia kazi nzima, na asiyeona hatayasikia kwenye kisoma skrini chake.

Kabla ya kupakia, ondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Simu nyingi huandika humo mahali picha ilipopigwa, na anayeuzia nyumbani anaweza kuwa anawagawia watu ramani ya mlangoni kwake. Kwenye GIMP, ondoa tiki ya Exif unapotoa faili. Lakini humo ndimo mnamokaa pia maelekezo ya jinsi picha inavyosimama, kwa hiyo GIMP ikikuuliza wakati wa kufungua kama igeuze picha, kubali. La sivyo itakuja kulala ubavu. Hakikisha pia rangi ni sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa tovuti. Ya CMYK ni ya uchapishaji, na ya Adobe RGB ikikosa maelezo yake huonekana imepauka.

Jina la faili liwe la herufi ndogo, bila nafasi, likitenganishwa kwa vistari: kikapu-ukili-kikubwa.jpg. Seva nyingi huona Kikapu.JPG na kikapu.jpg kuwa mafaili mawili tofauti, na hapo ndipo picha inayofunguka kwenye kompyuta yako inapokataa kwenye tovuti. Maandishi mbadala (alt text), yale yanayosomwa na kisoma skrini, yaeleze kinachoonekana, “kikapu cha ukili chenye mishikio miwili ya ngozi”, si msururu wa maneno ya kutafutwa.

Ukimtumia mwenzako picha za kazi kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, kwa sababu zikienda kama picha zinabanwa njiani. Na ukibadilisha picha kwenye duka halafu ukaendelea kuona ile ya zamani, usiihariri tena: kivinjari kimehifadhi nakala yake. Ipe mpya jina jingine, kikapu-ukili-kikubwa-2.jpg, uipakie upya, na wateja wako wote wataiona bila kufuta chochote kwenye simu zao.