Maneno ya Kiingereza yaliyobeba visa vya kale: je, kamusi inatosha?

Swali: Natafsiri habari za mashirika ya nje kwa ajili ya redio. Mara kwa mara nakutana na maneno kama "Pyrrhic victory", "draconian", "ostracised" na "tantalising", ambayo naambiwa yametokana na hekaya na historia ya kale. Juzi hilo la kwanza nililiandika "ushindi mwembamba", mhariri akalikata. Je, ni lazima nivijue visa vyote hivi, au kamusi inatosha?

Jibu: Mhariri wako alikuwa sahihi, na kisa chenyewe kinaonyesha kwa nini. Pyrrhus alikuwa mfalme wa Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Mwaka 280 KK alivuka bahari na tembo wake wa vita kwenda kuusaidia mji wa Tarentum, kusini mwa Italia, dhidi ya Warumi. Akawashinda huko Heraclea mwaka huohuo, na tena Asculum mwaka 279 KK. Lakini makamanda na marafiki zake wengi waliangukia vitani, na hakuwa na watu wa kuziba mapengo, ilhali Warumi waliendelea kuandikisha askari wapya. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba Pyrrhus alipopongezwa alijibu kuwa wakiwashinda Warumi hivyo mara moja zaidi, watakuwa wamekwisha. Mwaka 275 KK akaondoka Italia.

Kwa hiyo neno hili halipimi ukubwa wa ushindi, linapima gharama yake. Mgombea aliyepita kwa kura chache hajapata "Pyrrhic victory". Wafanyakazi walioshinda kesi ya mishahara, kisha kampuni ikafilisika kwa kuwalipa na wote wakakosa kazi, hao wameipata. Andika "ushindi wa hasara", na jina la mfalme liache. Msikilizaji wa redio hana nafasi ya kusimamisha taarifa aulize Pyrrhus ni nani.

"Draconian" ina mtego wa namna hiyohiyo. Draco aliwaandikia watu wa Athens sheria takriban mwaka 621 KK, na inasimuliwa kuwa hata mwizi wa mboga alistahili kifo. Solon, mtunga sheria aliyemfuata huko Athens, alizifuta mwaka 594 KK, akabakiza zile za mauaji tu. Basi "kali" peke yake haitoshi, maana sheria kali yaweza kuwa ya haki. Hapa kinachosemwa ni adhabu iliyolipita kosa kwa mbali: "sheria za kikatili", au "adhabu zilizopita kiasi".

Kwa "ostracised", Kiswahili kimejitosheleza. Raia wa Athens waliandika kwenye vigae jina la mtu waliyemwona hatari kwa mji. Kura zikifika 6,000, aliyetajwa zaidi alihamishwa kwa miaka 10, ingawa mali yake haikuguswa. Ni uamuzi wa jamii nzima, wala si chuki ya mtu mmoja. "Kutengwa" inabeba yote hayo, na anayejua maana ya kutengwa na kijiji hahitaji maelezo zaidi.

Katika hekaya za Kigiriki, Tantalus aliadhibiwa kwa kusimamishwa majini kuzimu, akiinama kunywa maji yanakauka, akinyoosha mkono matunda yanapeperushwa. "Tantalising" basi ni kile kinachotamanisha huku hakishikiki. "Kizuri" au "kitamu" ni kosa.

Lakini kisa nacho hupotosha ukikitegemea peke yake. Katika Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, Mentor ni mzee aliyeachiwa nyumba ya shujaa Odysseus, na mara nyingi anayemshauri Telemachus, mwana wa Odysseus, ni mungu wa kike Athena aliyejigeuza sura ya Mentor. Maana ya leo ya "mentor", yaani mlezi wa kitaaluma, ilienea kupitia riwaya ya Mfaransa Fénelon ya mwaka 1699. Ndiyo maana nashauri uanze na kamusi kubwa, usome mifano ya matumizi, kisha ndipo utafute kisa kikuonyeshe neno linakomea wapi. Anza na maneno ya siasa na mahakama, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoweza kumuumiza mtu ukiyakosea hewani. Yale ambayo Kiswahili kimekwisha kuyapokea, kama Januari ya mungu Janus na volkano ya Vulcan, yatumie tu.