Mdogo wangu yuko Tapachula: ajiunge na msafara?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume alitoka Bukavu, akapita Brazil na msitu wa Darién, kati ya Colombia na Panama, sasa amekwama Tapachula, kusini mwa Mexico. Kwenye grupu letu la WhatsApp imeletwa sauti inayosema msafara mkubwa unaondoka, na watakaofika mpakani kwa kundi watapokewa wote pamoja. Kuandikisha jina ni dola 400. Wengine wanasema wanajeshi wa Marekani wameruhusiwa kupiga risasi. Afanyeje?
– Msomaji, Portland, Maine

JIBU: Dada yangu, sauti hiyo ninayo. Watu kadhaa walinitumia kabla yako. Tarehe ya safari hubadilika, bei hupanda, msemaji ni yuleyule. Nianze na hilo la kupokewa kwa kundi, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Sheria ya Marekani haijui kitu kinachoitwa msafara. Ombi la hifadhi ni la mtu mmoja, au mtu na mwenzi wake na watoto wake, basi. Ofisa atamuuliza mdogo wako: ulifanyiwa nini, na nani, kwa sababu gani, na ukirudishwa Bukavu nini kitakupata? Wenzake 3,000 waliosimama nyuma yake hawamwongezei neno hata moja katika jibu hilo. Hii si harusi, kwamba kadi moja inaingiza ukoo mzima ukumbini.

Watu hutembea kwa misafara kwa sababu nyingine kabisa. Njia za Mexico zina watekaji nyara, wavushaji wanataka maelfu ya dola, na aliyeomba hifadhi Mexico anatakiwa abaki katika jimbo alikoombea. Tapachula kazi ni za kubahatisha, kwa hiyo watu wanaondoka kwa wingi ili waonekane na wasiguswe. Misafara mingi husambaratika hukohuko kusini.

Kuhusu wanajeshi, uvumi huu una umri. Oktoba 2018, msafara ulipotoka San Pedro Sula, Honduras, zilisambazwa picha za polisi wenye damu usoni, eti wamepigwa na wahamiaji. Zilikuwa picha za zamani, mojawapo ya mwaka 2012. Rais Trump aliandika kwamba ndani ya msafara kuna watu wasiojulikana kutoka Mashariki ya Kati. Kesho yake alipobanwa na waandishi alikiri hakuna ushahidi. Wakatangazwa wanajeshi 5,200 wa kupelekwa mpakani. Trump akasema pia mawe watakayorushiwa wanajeshi yatahesabiwa kama bunduki, halafu siku iliyofuata akasema alimaanisha warushaji watakamatwa. Wanajeshi wale walifanya nini? Kwa sehemu kubwa walifunga seng'enge. Hata mabomu ya machozi ya 25 Novemba 2018, pale San Ysidro, kivuko cha mpaka cha California, yalirushwa na maofisa wa mipaka, si jeshi.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani leo ni salama. Hatari ya sasa haimo kwenye zile sauti, kwa sababu haisisimui. Kuanzia Aprili 2025, ukanda wa ardhi wenye upana wa futi 60 kando ya mpaka wa New Mexico uliwekwa chini ya jeshi, na maeneo mengine yakafuata. Anayeukanyaga anaweza kuzuiliwa na wanajeshi mpaka akabidhiwe kwa maofisa wa mpaka, kisha akashtakiwa kwa makosa mawili: kuingia nchini kinyume cha sheria na kuingia eneo la jeshi. Mvushaji hakwambii hilo, na ya nini akwambie? Yeye anabaki ng'ambo na pesa yako.

Tena tangu 20 Januari 2025, miadi ya CBP One, programu ya simu iliyotumika kuomba siku ya kufika mpakani, imefutwa, hata ya waliokuwa wameshapangiwa siku. Siku hiyohiyo ilitolewa amri ya Rais ya kuwafungia hifadhi wanaovuka mpaka wa kusini, na kesi za kuipinga zimekuwa zikipanda na kushuka mahakamani. Kwa hiyo anayekuuzia “miadi” ya programu hiyo anakuuzia kitu kilichokufa, ambacho hata kilipokuwa hai kilikuwa cha bure.

Mdogo wako aende COMAR, ofisi ya wakimbizi ya Mexico, pale pale Tapachula. Hawatozi chochote. Kila karatasi atakayopewa aipige picha akutumie. Na aandike kisa chake sasa, kwa majina ya mahali na tarehe, wakati bado anakumbuka, si kisa alichoazimwa na mtu wa grupu. Hadithi za kuazima tunazisoma kila wiki: mtu wa Bukavu anasimulia mashambulizi ya Beni, mji mwingine kabisa, ofisa anamuuliza jina la soko la karibu, kimya.

Wewe mwenyewe, kama ulipata hifadhi, unaweza kuombea mume na watoto, si mdogo wako. Ukiwa raia unaweza, ila foleni ya ndugu huchukua zaidi ya miaka kumi. Atakayekuambia anaijua njia ya mkato, mwombe namba yake ya uwakili na jimbo alikosajiliwa, uihakiki mwenyewe.

Hizo dola 400 asitume. Kama ameshatuma, ajiandae kuombwa za pili, “za usalama njiani”. Hizo nazo asitume.