Straika mpya, mtazame Safee Sali wa 2010

Vijana wengi wanaoanza kucheza namba tisa huhesabu mabao. Sisi tunaofundisha washambuliaji tunawataka kwanza wasome dakika. Chukua Safee Sali, mshambuliaji wa zamani wa Malaysia, na Kombe la AFF la Desemba 2010, michuano ya mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Aliibuka mfungaji bora kwa mabao matano, lakini katika hatua ya makundi hakuwa na hata moja. Malaysia ilichapwa 5-1 na Indonesia, ikatoka suluhu na Thailand, ikaifumua Laos 5-1, na jina la Safee halimo kwenye orodha ya wafungaji. Kocha K. Rajagopal akaendelea kumpanga. Nusu fainali dhidi ya Vietnam pale Bukit Jalil, uwanja wa taifa wa Malaysia, alifunga dakika ya 60 na ya 78. Fainali mkondo wa kwanza, Indonesia ileile: 61 na 73. Marudiano Jakarta: 54. Yote matano kipindi cha pili.

Basi kipindi cha kwanza kina kazi gani? Kuwapima mabeki wa kati. Ndani ya dakika 15 uwe umejua mambo matatu: nani anageuka taratibu na kwa upande gani, nani anakodolea mpira na kukusahau mgongoni, na nani hapendi kugusana. Ukishajua, simama kwa yule dhaifu, usihamehame. Kosa la wanaoanza ni kumkimbiza kipa peke yao kila anapopewa mpira. Mashabiki watakupigia makofi, na dakika ya 60 huna miguu. Kimbia pale tu kiungo wako yuko tayari kukufuata. La sivyo, ziba pasi ya katikati kisha subiri.

Bao la dakika ya 61 ndilo somo lenyewe. Norshahrul Idlan, mshambuliaji mwenzake, alimpokonya mpira beki wa Indonesia karibu na mstari wa goli, akamrudishia Safee katikati. Pasi ya namna hiyo hukuta mabeki wote wanakimbia kuelekea goli lao, na hapo ndipo straika mchanga anapoharibu: naye anakimbia nao mpaka ndani ya boksi dogo, mpira unapita nyuma yake. Fanya hivi. Piga hatua mbili tatu za nguvu kuelekea goli, beki akufuate, halafu funga breki ghafla, mita 9 hadi 11 kutoka golini, yaani jirani na alama ya penalti. Mwili uwe wazi, uone mpira na goli kwa pamoja. Piga kwa ubavu wa ndani wa mguu, goti juu ya mpira, bila kutumia nguvu nyingi. Ukiegemea nyuma unapaisha. Rudia mara 20 kila mazoezi, kumi kila mguu, na mpasiaji asikupe mpira mzuri kila mara.

Kuna jambo jingine katika mechi ile ambalo halizungumzwi vya kutosha. Dakika chache kabla ya bao hilo wachezaji wa Indonesia walitoka uwanjani wakilalamikia miale ya leza kutoka jukwaani, mchezo ukasimama. Leza ni upuuzi wa mashabiki na hatuutetei. Lakini ona kilichofuata: mpira uliporudi, Malaysia ilifunga matatu kati ya dakika ya 61 na ya 73, Ashaari Shamsuddin akiongeza lake katikati ya yale mawili ya Safee. Mchezo ukisimama, misuli inapoa na akili inahamia kwenye ugomvi. Usimzonge refa. Kunywa mafunda mawili ya maji, piga mbio fupi za mita 10 mara nne au tano, kisha kubaliana na winga wako mtaanza vipi.

Bao la Jakarta lina hesabu yake. Timu iliyolala 3-0 lazima ipandishe mabeki, na Indonesia ilikuwa imeshapoteza penalti, kipa wa Malaysia Khairul Fahmi akiipangua. Hapo straika asirudi kulinda kwenye boksi lake. Akae kati ya mabeki wawili wa mwisho, mwili mzima ndani ya nusu yake mpaka pasi ipigwe. Ukiwa ndani ya nusu yako huotei. Wengi huondoka mapema kwa pupa. Indonesia ilishinda 2-1 usiku ule, kombe likaenda Malaysia kwa jumla ya 4-2.

Wiki chache baadaye Safee akasajiliwa na Pelita Jaya, klabu ya Indonesia, nchi ileile aliyoiliza. Ukipata nafasi kama hiyo nje, usitazame mshahara peke yake. Uliza kama ligi inatambuliwa na shirikisho. Mwaka 2011 Indonesia ilikuwa na ligi mbili zinazovutana, na mchezaji aliye ligi isiyotambuliwa huweza kukwama kwenye uhamisho na hata kukosa kuitwa timu ya taifa. Mkataba utaje tarehe ya malipo, nani analipia matibabu ukiumia, tiketi za kurudi nyumbani ni ngapi, na utaachiwaje ukiitwa na taifa lako. Nakala iwe katika lugha unayoisoma mwenyewe, na saini usiweke siku uliyopewa karatasi.