Ujira wa Fundi na Sadaka ya Muumini: Ushauri kwa Vijana Wanaotengeneza Programu za Dini

Mara kwa mara hunijia kijana aliyemaliza masomo ya kompyuta, wa hapa Unguja au aliyevuka kutoka Pemba, akitaka kujua kama ni halali kupata fedha kwa programu ya nyakati za sala, ya kusomea Kurani au ya kukusanyia sadaka za kanisa. Kazi za aina hii nimezifanya kwa misikiti na kwa kanisa moja la mjini, na jibu langu halijabadilika: jasho lako lina bei na udai bei hiyo waziwazi, lakini sadaka ya mtu haina fungu lako, wala muumini aliyeifungua programu yako ili asali hauzwi kwa mtu mwingine.

Wapo watakaokwambia kwamba anayelipwa kwa kazi ya dini anauza dini. Usibishane nao kwa hasira. Wakumbushe kwamba maalimu wa chuo cha Kurani tunampa ada yake, na kwamba aya ya 60 ya Surat Tawba, inapowataja wanaostahiki zaka, inawahesabu pia wale wanaoitumikia. Kwa Wakristo, Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa wahubiri wa Injili wana haki ya kuishi kwa Injili, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo kwao na alikuwa fundi wa mahema. Kipimo changu hasa ninakichukua katika wakfu, jambo ambalo Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa nyumba na maduka kadhaa ya Mji Mkongwe na mashamba mengi ya vijijini yamewekwa kwa ajili ya misikiti: msimamizi wa wakfu anaruhusiwa ujira unaolingana na kazi yake, lakini kazi hiyo haimfanyi kuwa mwenye mali.

Kwa sababu hiyo siku zote nimekataa kulipwa kwa asilimia. Tuseme umekubaliana na kamati ya msikiti uchukue asilimia tano ya kila sadaka inayopita katika programu. Mwezi wa kawaida zikipita shilingi 2,000,000, unapata 100,000, na hakuna atakayenung'unika. Kamati ikianza kuchangisha kwa ajili ya paa jipya na zikapita 40,000,000, unapata 2,000,000, hali programu ni ileile na hukuongeza hata saa moja ya kazi. Kibaya zaidi ni kile asilimia inachomfanyia fundi mwenyewe: kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, ataona busara kumtumia muumini ujumbe wa kukumbusha usiku na mchana, na hatajua tena kama anamhimiza katika kheri au anajitafutia riziki. Zaidi ya hayo, malipo yakipitishwa katika maduka ya programu ya Apple au Google, nao kwa kawaida hukata asilimia 15 hadi 30 ya mauzo ya kidijitali. Ielekeze sadaka moja kwa moja kwenye namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la msikiti au kanisa lenyewe, na mtoaji aonyeshwe makato ya mtandao wa simu kabla hajathibitisha.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni taarifa za watu. Mwaka 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu duniani, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la nchi hiyo. Wenye programu walitangaza kuukata uhusiano huo, na mwezi wa Januari 2024 mamlaka ya Marekani inayolinda walaji iliipiga marufuku kampuni iliyorithi biashara ya X-Mode kuuza taarifa za maeneo nyeti, zikiwamo nyumba za ibada. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu imani za dini kuwa taarifa nyeti. Kijana atasema programu yake haiwezi kufanya kazi bila kujua mtu yuko wapi. Inaweza. Jua la Chake Chake huzama dakika chache kabla ya la mjini Unguja, tofauti ambayo mfungaji hawezi kuipuuza, lakini inatosha mtumiaji achague Wete, Mkoani, Mkokotoni au Makunduchi katika orodha, na hesabu yote ifanyike ndani ya simu yake. Hata kibla hakina fumbo, kwani kutoka visiwani kwetu Makka iko karibu kaskazini kamili, ikiegemea mashariki kidogo tu.

Kuhusu matangazo sitasema mengi. Anayeyategemea hachagui kikamilifu kitakachotokea chini ya adhana, na siku moja kitatokea cha kamari. Kama msikiti au kanisa lina uwezo, mfano bora ninaoujua ni programu ya Biblia ya YouVersion, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, ambayo hutolewa bure na bila matangazo kwa gharama za kanisa hilo na wafadhili.

Nilipokuwa nikilitengenezea kanisa mfumo wa fungu la kumi, mmoja wa wazee wake, mtu ninayemheshimu sana, aliniomba niweke orodha ya waliotoa na wasiotoa, ionekane na kila kiongozi. Nilimwambia, "Mzee wangu, mhazini na mkaguzi wanatosha," na baada ya mazungumzo marefu akakubali. Msikitini ombi huja kwa sura nyingine, ya kutaka majina ya watoaji wakubwa yatangazwe, nami hujibu vivyo hivyo, kwa kuwa programu haifai kuwa mlango wa riya, yaani kutenda jema ili watu wakuone.

Yote haya yaandikwe kabla ya kazi kuanza: bei ya kutengeneza, ada ya matunzo ya kila mwaka, kwamba akaunti na nywila ni mali ya taasisi, na nani atakabidhiwa mfumo iwapo fundi atasafiri au atafariki. Msikiti wa kijijini usio na uwezo ufanyie bure kama nafsi yako imeridhika, lakini mkataba uwepo vilevile, na ndani yake itajwe bei uliyoisamehe na neno kwamba ni sadaka, ili kamati itakayofuata isijione ina deni kwako, wala warithi wako wasije wakalidai.