Kambi imefungwa, sasa tunaitwa mkutanoni

SWALI: Kambi ya jeshi jirani yetu imefungwa. Tumeitwa kutoa maoni, lakini ramani niliyoiona ukutani tayari ina nyumba na barabara. Niende kufanya nini?

JIBU: Nenda, ndugu yangu, tena ukae mbele. Anza na udongo: umepimwa? Penye matangi huvuja mafuta. Penye uwanja wa shabaha hubaki madini ya risasi, na hayo hayafutwi kwa rangi za ramani. (Rangi huwa nzuri sana, usizikodolee macho.) Kule Freiburg, Ujerumani, wanajeshi wa Ufaransa waliondoka kambi ya Vauban mwaka 1992. Wakazi walijipanga, wakashiriki kupanga mtaa; leo una magari machache. Ukisema neno, hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, kisha udai nakala.