Tambi zilizorojeka na bili isiyoeleweka

Dada, nimekuelewa: mara tatu umekwenda katika mgahawa uleule wa Kiitaliano hapa Arusha, ukaletewa tambi zilizorojeka, kisha bili ikawa na vinywaji ambavyo hukuviagiza.

Tambi zirudishe mara tu unapozionja, kwani ukishamaliza nusu sahani malalamiko yako hupoteza uzito. Waitaliano huzipika zikabaki na ugumu kidogo katikati. Na kwa kuwa Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100 na tambi huchelewa kuiva, kwa hiyo mpishi anayefuata dakika za kwenye pakiti angepata tambi ngumu, si uji. Yamkini zako zilichemshwa mapema zikapashwa moto tena. Mimi niliwahi kuletewa za namna hiyo huko Moshi, nikamwomba meneja kwa upole, nikapikiwa nyingine bila ubishi.

Bili ikague kabla ya kulipa, na udai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi), maana ndiyo ushahidi wako. Ukiumwa tumbo, nenda hospitali kwanza, kisha umtaarifu afisa afya wa halmashauri. Usigombane na mhudumu. Si yeye aliyepika.